Fisi wa Leo na Fisi wa Kesho

Uongo kidogo njoo, utamu mwingi fuata.

Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Kilichobaki mwituni ni makande, sufuria moja kwa siku, nayo inapikwa kwa Simba. Kila nyumba bakuli moja. Mama Sungura na mwanawe ndio wa mwisho kupakuliwa, maana wao wadogo.

Makande yakiwa jikoni, wanyama walitazama televisheni ya Simba. Kulikuwa na mchezo wa familia moja yenye kabati: ukiingia leo, unatokea kesho. Wote walikodoa macho. Mdomo wa Sungura tu ndio haukutulia.

"Hawa si walishaiona kesho? Mbona nyumba ikiungua wanashangaa?"

"We Sungura, tuachie utamu wetu!" akafoka Kima.

Simba akatikisa manyoya. "Televisheni yangu, sufuria yangu. Ukiuliza tena, hupakuliwi."

Sungura akamtazama mwanawe, mbavu zinahesabika. Akafyata ulimi.

Siku ya pili, kabati la Simba likafunguka, puu! Akatoka Fisi, kajipaka majivu mwili mzima.

"Msiogope! Mimi ni Fisi wa kesho. Yule wa leo mgonjwa, kalala kwake. Nipeni bakuli lake nimpelekee, na langu mimi mgeni."

"Lo! Kama kwenye mchezo!" wakashangilia, Simba mbele yao.

Sungura akaiangalia sufuria. Fisi akipewa mawili, kwake unabaki ukoko. Na kuuliza haruhusiwi. Basi akaamini. Akaamini kuliko wote.

"Karibu, shemeji wa kesho!" akapiga vigelegele. "Kwenye mchezo, wa leo na wa kesho hukumbatiana. Jamani, tubebe sufuria, tukawaone wakikumbatiana, ndio tule!"

"Twende!"

Fisi jasho likamtoka. "Ngojeni nitangulie, nikamwamshe." Akatimua mbio.

Walipofika, wakamkuta kitandani, kajifuta uso, kajigubika shuka, anaguna.

"Pole, ndugu. Yule wa kesho yuko wapi?"

"Yu-yuko nyuma ya nyumba."

Kima na wenzake wakatoka kuzunguka, Simba na Sungura wakarudi mlangoni kwenye sufuria. Fisi naye akarukia dirisha awawahi huko nyuma. Dirisha dogo, tumbo kubwa. Akakwama, kichwa nje, mkia ndani.

"Huku kuna kichwa cha leo!" akapiga kelele Kima.

"Na huku mkia wa kesho, una majivu!" akajibu Simba, akiingia tena chumbani.

"Basi wanakumbatiana hapo katikati," akasema Sungura.

"Nivuteni, jamani!" akalia Fisi. "Niko peke yangu!"

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Simba aliona haya, akakohoa. "Mama Sungura, leo uliza utakalo."

"Sina swali, Mzee. Nina njaa."

Mwanawe akapakuliwa wa kwanza, hapo hapo chini ya pua ya Fisi.

Njia mbili zilimshinda fisi.