Tanuri la Nyamizi

Nyamizi wa Nzega alioka mikate katika fremu ya duka ya Bosi Lugembe, tajiri mwenye fremu zote za mtaa ule. Tanuri alilinunua kwa mkopo wa mtandaoni, ule ambao watu wanachangia mia tano, elfu moja au zaidi kwa simu, kisha wanarudishiwa na faida kadiri biashara inavyokwenda.

Siku moja Lugembe aliona foleni ya wateja, roho ikamuuma.

"Kesho saa nne hilo tanuri liwe nje. Nafungua duka langu la mikate hapa."

"Sawa, bosi. Ila wabebaji lete wako, wangu wazembe."

Kesho yake Lugembe alikuja na lori na vijana wanne. Walilishika tanuri, wakaliachia.

"Bosi, mimi nimeweka elfu mbili humu," alisema mmoja. "Likitoka, nani atanirudishia?"

Kumbe wote wanne walikuwa wamemkopesha Nyamizi. Dereva wa lori naye alikuwa na elfu tatu zake. Lugembe akamwita mgambo. Mgambo akavua kofia, akaanza kulipangusa tanuri vumbi.

"Nyamizi, umewaloga watu wangu?"

"Hapana, bosi. Niliomba mkopo kwa watu wako tu."

"Basi nitalibeba mwenyewe!"

Alivua koti, akalikumbatia tanuri, akaliinua upande mmoja. Nyamizi akapiga simu, akaeleza kwa kifupi, kisha akamwekea Lugembe sikioni.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama yake Lugembe, "weka chini mali yangu. Halafu nunua mikate kumi, nataka faida mwezi huu."