Vipaji Vinne Vilivyomzika Balozi

Sogeeni. Mwenye paka amshike paka wake, na mwenye hasira aikalie kwanza, maana hadithi hii watu huanza kuihukumu kabla haijaisha, halafu wanaona haya.

Katika mji mmoja wa kando ya mto palikuwa na watu wanne, na kila mmoja alijaliwa kipaji chake. Bi Zuwena alijaliwa mkono wa kutoa. Mtu hakuondoka kwake na tumbo tupu, hata aliyekuja kugombana naye. Mwanawe Twaha alijaliwa moyo laini, na kuku akichinjwa uani yeye hutoka akaenda kusimama barabarani. Hadia, mke wa Twaha, alijaliwa ulimi wa kweli. Majirani wakibishana huambiana, "Kamuulizeni Hadia," na akishasema, ugomvi umekwisha. Na Daktari Nakijwa, daktari wa wanyama pekee pale mjini, alijaliwa mikono myepesi. Alikuwa akishona kidonda, mnyama anaamka hana habari kama aliguswa.

Watu wema hao, hakuna hata mmoja wa kumnyooshea kidole. Sasa sikilizeni wema wao ulivyofanya kazi.

Hadia alikuwa na paka aliyeitwa Balozi, kwa sababu kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba kama anayekagua watu wake. Hadia alimwokota hajafumbua macho, akamlea kwa maziwa ya kudondoshea kwa pamba. Siku moja pikipiki ikampitia mguu wa nyuma. Daktari Nakijwa akautazama ule mguu, akatikisa kichwa.

"Huu hauungi wenyewe, Hadia. Mlete kesho asubuhi nimlaze niuunge. Lakini kuanzia leo jioni asile kitu, maji tu. Akilazwa ana chakula tumboni, kitapanda kooni naye hajitambui, kiingie mapafuni. Hapo sina ujanja."

Hadia akafika nyumbani, akatangaza, "Jamani, Balozi asipewe kitu chochote mpaka atibiwe." Mama mkwe akaitikia, mume akaitikia. Waliitikia kwa dhati, hilo nawahakikishia.

Alfajiri Bi Zuwena aliamka kupasha kiporo cha samaki. Balozi akajikokota na mguu wake mbovu hadi miguuni pake, akamtazama. "Masikini wa Mungu," Bi Zuwena akamwambia, "unakwenda kupasuliwa, utoke kwangu na tumbo tupu kama huna kwenu?" Akamkatia kipande cha samaki, kidogo tu, akanawa mikono. Hakumwambia mtu, kwani kitu kidogo nani hukitangaza?

Bi Zuwena alipokwenda kusali, Twaha naye akaamka. Balozi akalia mara moja, sauti nyembamba, na moyo wa Twaha ukayeyuka pale pale. "Nyamaza, kaka," akamnong'oneza, "maziwa si chakula, ni kama maji." Akammiminia kwenye kisahani, kidogo tu, akakiosha kisahani. Hakumwambia mtu, maana aliona haya kujulikana amelegezwa na kilio cha paka.

Kulipokucha Hadia akamtia Balozi kwenye kikapu, akamfunika kanga, wakaenda. "Amekula?" Daktari akauliza. "Hajala kitu tangu jana," Hadia akajibu bila kusita, kwa kuwa ndivyo alivyojua.

Daktari alikuwa na desturi ya kumpapasa kila mnyama tumbo kabla ya sindano ya usingizi. Kanuni ya kazi yake inamtaka hivyo, kwa sababu baadhi ya wenye wanyama husahau, na wengine hudanganya wakiogopa kurudishwa. Lakini aliyejibu leo alikuwa Hadia, na neno la Hadia nani hulipima mara ya pili? Mikono myepesi ikaenda moja kwa moja kwenye sindano.

Balozi hakuamka.

Hadia alipokabidhiwa kile kikapu alisimama mlangoni hajui pa kukiweka. Hakulia. Mshtuko ulimkausha. Alichosema ni hiki tu: "Niliyemleta alikuwa mzima, amevunjika mguu. Mguu hauui." Akapeleka malalamiko kwenye baraza linalosimamia madaktari wa wanyama, lile lenye uwezo wa kumvua daktari leseni, na Baraza likamchukua Balozi likamchunguza.

Siku ya shauri Hadia alifika na watu wake, Bi Zuwena na Twaha, wakakaa nyuma yake kumpa nguvu. Bi Zuwena alimlaani Daktari njia nzima. Mwenyekiti, Mzee Mlaki, akamwita mchunguzi aseme alichokiona.

"Paka alikufa kwa kupaliwa," mchunguzi akasema. "Mapafuni mlikuwa na samaki na maziwa, vimechanganyika."

Hadia akaruka. "Uongo! Mheshimiwa, paka wangu hakula! Mnamlinda mwenzenu!"

 Kisha nyuma yake akasikia kiti kikisogea. Bi Zuwena alikuwa amesimama, kanga imemteleza begani. "Samaki ni wangu," akasema. "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo tu."

Hadia akamgeukia mumewe, apate hata mtu mmoja wa kushika. Twaha alikuwa amejifunika uso. "Na maziwa ni yangu," akasema.

Jamani! Ulimi ambao mji mzima uliutegemea ulikuwa umesema jambo ambalo halikuwa kweli, na kwa neno hilo Balozi alilazwa.

Daktari Nakijwa hakufurahi. Aliinuka taratibu. "Ningempapasa tumbo ningejua. Sikumpapasa. Nilimwamini Hadia nikaacha kazi yangu."

"Nini hasa kimemuua?" Mzee Mlaki akamuuliza mchunguzi. "Samaki au maziwa?"

"Siwezi kuvitenganisha, Mheshimiwa."

Mzee Mlaki akavua miwani. "Bi Hadia, Baraza hili lina nguvu juu ya madaktari tu. Mama mkwe wako hatuwezi kumgusa, wala mumeo, wala wewe. Daktari amekiri. Ukiacha malalamiko yako yasimame, tunamvua leseni leo hii. Ukiyaondoa, tunafunga shauri, na tutasema mbele ya watu, kwa neno lako, kwamba hapakuwa na mkosaji. Katikati hapana. Tunangoja neno lako."

Mlangoni mtu mmoja akachungulia, amembeba mbuzi anayehema kwa shida. "Samahanini," akasema, "Daktari anatoka saa ngapi?"

Hadia akafungua mdomo. Akisema daktari ana kosa, amesema kweli, lakini robo tu, na robo tatu anarudi nazo nyumbani kula nazo sahani moja. Akisema hapana mkosaji, ulimi wake utakuwa umedanganya kwa mara ya pili, na safari hii kwa kujua.

Mimi namwacha amesimama hapo hapo, na mbuzi anahema mlangoni. Mkono uliotoa, moyo uliolainika, ulimi uliojibu, mikono iliyoamini: ungekosekana mmoja tu, huenda Balozi angekuwa anakagua nyumba zenu sasa hivi. Nani kati yao abebe kifo cha Balozi? Na wewe uliyekaa hapo na paka wako mapajani, ungekuwa Hadia, ungesema neno gani?