Nyegere Amtaka Mama Pimbi Neno la Siri

Paukwa?
Pakawa.
Kompyuta imezimwa?
Imezimwa.
Simu ziko wapi?
Mezani.
Basi sogeeni. Anayesinzia akalale.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulishafika mwambani, alikuwepo Mama Pimbi. Mdogo kama mkate, mkia hana. Wanyama walimchagua awe katibu wa mizinga ya nyuki, na ndani ya kompyuta yake alitunza ramani ya mizinga yao yote. Ng'ambo ya korongo aliishi Nyegere. Ana makucha, ana ngozi nene, ana tumbo lisilojua kushiba. Nyegere aliitaka ile ramani. Angeipata, watoto wa mwamba mzima wangekunywa uji mtupu, bila asali.

Nyegere akaketi, akabonyeza ta-ta-ta, akatuma barua pepe, pwi. "Hongera! Umeshinda gunia la karanga. Bonyeza hapa."

Mama Pimbi akasoma, akasonya, akafuta.

Nyegere akabonyeza ta-ta-ta, akatuma, pwi. "Mimi mjomba wako, nimekwama safarini. Bonyeza hapa."

Mama Pimbi akasoma, akasonya, akafuta. Mjomba wake alikuwa jikoni anakula viazi vyake.

Nyegere akachoka kubonyeza. Akapiga simu. Kriii, kriii.

"Halo, mama. Mimi fundi wa kompyuta. Yako imejaa virusi, naviona kutoka huku. Nipe neno lako la siri nivitoe."

Mama Pimbi akasikia nyap, nyap, nyap. Fundi gani anayelamba asali kazini, kama si Nyegere?

"Karibu, fundi," akasema. "Lakini sisi wa mwambani hatumpi mgeni kitu kabla ya salamu. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo." Hapo Nyegere angefanyaje? Ukiulizwa hali ya mama yako, unajibu.

"Mama yupi huyo, nisije nikawa namfahamu?"

"Mwanamtama."

"Ala, Mwanamtama! Na wewe alikuzalia wapi?"

"Kichuguu Chekundu."

"Kumbe wa karibu. Ulipoacha kunyonya, alikuanzishia nini? Maana una sauti ya aliyelishwa vizuri."

Nyegere akavimba kichwa. "Mabuu ya nyuki, mama. Mabuu matupu."

"Ndiyo maana. Sasa subiri nivae miwani nikusomee hilo neno."

Pimbi havai miwani. Akaiweka simu juu ya jiwe, akafungua ukurasa wa barua pepe. Anwani ya Nyegere alikuwa nayo, si ndiyo iliyoleta gunia la karanga? Akabonyeza pale palipoandikwa "Nimesahau neno la siri."

Kompyuta ikauliza: Mama yako anaitwa nani?
Mwanamtama.
Ulizaliwa wapi?
Kichuguu Chekundu.
Chakula chako cha kwanza?
Mabuu ya nyuki.
Karibu sana, Nyegere.

Mama Pimbi akabadilisha neno la siri, Nyegere asiingie tena. Kisha akamwandikia Malkia wa Nyuki, kwa jina la Nyegere: "Asali yenu yote niliyoiba iko chini ya kitanda changu. Mlango uko wazi. Kama mnaweza, njooni." Pwi. Akarudi kwenye simu.

"Fundi, upo?"

"Nipo, mama. Nimeshika kalamu."

"Kabla sijakutajia, chungulia mlangoni. Nadhani una wageni."

Vuuuuuu.

Ngozi ya Nyegere ni nene, hilo kila mtu analijua. Pua yake si nene. Mama Pimbi alisikiliza kidogo, akakata simu, akaenda kumnyang'anya mjomba viazi.

Funzo lake ni hili. Kumdanganya mtu kwenye simu ni vibaya. Kuingia kwenye barua za mwenzako ni vibaya zaidi. Mama Pimbi alifanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo msiwe kama yeye. Mtu yeyote akipiga simu hapa akitaka neno la siri la kompyuta yetu, mpeni mara moja, kwa adabu. Nawaruhusu kwa sababu hakuna hata mmoja wenu anayelijua.

Hadithi nimeizima. Ikiwa tamu, osheni vyombo mkiikumbuka. Ikiwa chungu, vyombo ni vile vile.