Chungu cha Askari

"Usinifunze kulisha mtoto niliyemzaa mwenyewe!" Mbeyu alifoka, mwiko mkononi. "Kila siku nampa vipande viwili vya muhogo, mimi nala kimoja. Waulize majirani kama nasema uongo."

Mwalimu Dorcas hakurudi nyuma. "Basi vinakwenda wapi, mamake Kaviha? Jana ameanguka tena kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Nimemwinua kwa mkono mmoja, mwepesi kama kifuu."

"Wembamba ni wa kwa babake."

"Babake huyu Nguma aliyekuwa akibeba magunia bandarini kabla ya kuingia jeshi la Keya? Usimsingizie."

Kaviha aliingia na ndoo ya maji, akaitua na kuamkia. Alikuwa na miaka kumi, lakini shingo yake ilikuwa kama ya ndege.

"Kaviha!"

"Abee, mama."

"Chakula ninachokupa, unakila hukili?"

"Nala, mama," akajibu, akitazama vidole vya miguu yake.

"Umesikia, Mwalimu?"

"Masikio yamesikia. Macho bado." Mwalimu Dorcas akashika njia. "Jumamosi njoo uutazame mchezo. Huenda wewe utaona nisichokiona mimi."

Ulikuwa mwaka wa 1944. Vita vilikuwa mbali, lakini njaa yake ilikuwa imeketi mlangoni. Watu wa Kongowea walipanga foleni ya unga wa mgawo kabla jogoo hajawika, na mara nyingi walirudi na vikapu vitupu. Mvua ilikuwa imewapa kisogo wakulima wa bara yote ya Mombasa.

Nguma alikuwa amepanda meli ya kwenda vitani. Kabla ya Pasaka, askari mwenzake aliyeitwa Mutua, Mkamba, alifika kwa Mbeyu na mkono uliofungwa bendeji. Alimvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba meli ilizama, na Nguma hakuibuka.

Mbeyu hakulia. Si kwamba hakumpenda mumewe, alipiga hesabu. Kwao, msiba ukitangazwa, jamaa hushuka kutoka Rabai na Kaloleni kuja kulala hanga, na mfiwa huwalisha mpaka matanga yaondoke. Nyumbani mlikuwa na debe moja tu la muhogo mkavu. Watu wakija, litakwisha upesi, na mtoto atakula nini? Akamwapisha Mutua asifungue kinywa. Akaumeza msiba kama mtu aliyemeza mfupa, na kila asubuhi akajiambia, "Mvua ikinyesha nitalia."

Jumamosi alasiri watu walijaa kwenye uwanja wa shule ya misheni. Jukwaa lilikuwa meza za darasani zilizounganishwa, na pazia lilikuwa mashuka mawili. Mchezo uliitwa "Chungu cha Askari", nao ulihusu msichana aliyekwenda kwa mganga kumtafutia kinga babake aliyekuwa vitani. Kaviha ndiye alikuwa msichana huyo. Jefwa, mtoto wa jirani, alikuwa mganga mwenye ndevu za makumbi, nazo zikamdondoka mbele ya watu.

"Mganga, jitibu kidevu kwanza!" mtu akapaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Mbeyu alicheka.

Jefwa akaziokota ndevu zake, akakunja uso. "Chukua chungu hiki," akamwambia Kaviha. "Kila jioni mwekee babako fungu lake. Lisipoliwa, risasi itamkwepa na maji yatamtapika. Likiliwa, umemuua kwa meno yako."

Kicheko cha Mbeyu kikakatika. Akakumbuka jinsi Kaviha alivyozoea, siku hizi, kubeba sahani yake na kwenda kula nyuma ya nyumba.

Mchezo ukafika mwisho. Mvulana aliyevaa kaptura ya kaki iliyomzidi akaingia akipiga saluti: baba amerudi. Mwalimu Dorcas alikuwa ametia majani makavu ndani ya chungu, yamwagwe kuwa ndiyo chakula. Kaviha alipokipindua, hayakumwagika majani. Vilimwagika vipande vya muhogo, lundo zima, vingine vikiwa vimeota ukungu, vingine vimetobolewa na wadudu.

"Baba," alisema, "fungu lako sikuligusa hata siku zile nilipoona giza. Yote haya ni yako." Hakumtazama yule mvulana. Alitazama juu ya vichwa vya watu, upande wa bandarini.

Watu walipiga makofi. Mbeyu peke yake ndiye aliyeutambua mkato wa kisu chake katika kila kipande. Ule mfupa aliokuwa ameumeza ukapanda kooni, na sasa hapakuwa na hesabu ya kuuzuia.

"Uwii! Nguma amekufa, jamani! Mume wangu amekufa, na mimi namuua mwanawe!"

Makofi yakafa. Kaviha akabaki na chungu mkononi.

"Nimekosea wapi, mama?" aliuliza. "Wallahi sikula hata kimoja."

Mbeyu akapanda jukwaani, akapiga magoti. "Hukukosea. Alikufa kabla hamjauanza mchezo huu. Nilijua, nikaficha, ili muhogo wako usiishie kwa waombolezaji."

Kaviha alifikiri. "Nikila sasa, ndiyo atakuwa amekufa kweli?"

"Amekufa tayari, mwanangu. Ukila, atakayeishi ni wewe."

Bi Ngowa, jirani yao, alijikongoja mpaka mbele, akafungua pindo la leso yake na kuweka mahindi mawili juu ya meza. "Nani alikwambia tutakuja kukumaliza, Mbeyu?" alisema kwa ukali huku akilia. "Hanga hili tutajilisha wenyewe."

Mbeyu hakungoja mvua tena. Alivua kitambaa kichwani, akamwomba Mwalimu Dorcas mkasi aliokatia nguo za mchezo, akazikata nywele zake palepale kama mjane. Kisha akachagua kipande cha muhogo kisicho na ukungu, akakilowesha majini, akamtia mwanawe kinywani.

Kaviha alitafuna polepole, machozi yakimtiririka, kama anayeogopa kumuumiza mtu. Mamake alikuwa ameuficha msiba ili mwana ashibe, na nusura msiba huo umchukue mwana mwenyewe. Kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.