Makaburi ya Kichangani

“Aulizaye baada ya mafuriko hujibiwa na makaburi.” Mmeisikia leo msibani, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilikotoka. Ilitoka Nyamwela, bondeni, kinywani mwa Bi Sikudhani Mpili, mkulima wa mpunga.

Mwaka mmoja mto ulikula mashamba ya Nyamwela. Wakaja wataalamu na modeli ya kompyuta, ya kubashiri mafuriko ya miaka ijayo. Modeli ikasema kijiji kihamie Kichangani. Wanakijiji wakaitwa mkutanoni, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakaonyeshwa ramani ya rangi. Bi Sikudhani akanyoosha mkono.

“Mwanangu, Kichangani ndipo mto ulipopita zamani. Mchanga umeufukia tu. Mvua kubwa zikija, utarudi kwake.”

Dakta Kalemera, mkuu wa wataalamu, alimsikiliza kwa adabu. “Mama, tumetumia vipimo vya miaka thelathini. Havionyeshi mto hapo.”

“Ulipita mimi ni kigori. Sasa nina miaka sabini.”

“Tutalizingatia.”

Bi Sikudhani aliutazama mkono wa Dakta. Haukuandika kitu.

Wakahamishwa. Naye alihama, kwa kuwa binti yake Tabia alikwisha kupewa kiwanja huko, na hakuwa na mwana mwingine. Mwaka wa tatu mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Asubuhi ya kumi, watu wakinywa uji, maji yakapita katikati ya nyumba. Bi Sikudhani alimshika Tabia kwa nguvu zake zote. Akabaki na kanga mkononi.

Walikufa watu kumi na wanne. Tope lilifika magotini, maiti hazikubebeka, kila mmoja akazikwa pale pale alipokutwa.

Baada ya miezi miwili Dakta Kalemera alirudi, amekonda, daftari mkononi. “Shikamoo mama. Safari hii tumeanza na ninyi. Tuonyeshe mkondo ulipopita.”

Bi Sikudhani hakumtukana. Alinyanyuka, akamtembeza kaburi hadi kaburi, kumi na matatu. Kwenye la kumi na nne, la Tabia, akasimama.

“Mkondo ndio huo. Andika.”

Dakta aligeuka, akaona jinsi makaburi yalivyofuatana kwa mstari mmoja uliopinda. Kalamu ikamshinda. “Laiti ningekuuliza zaidi siku ile, mama.”

“Aulizaye baada ya mafuriko, mwanangu,” akasema Bi Sikudhani, “hujibiwa na makaburi.”