Mtungi wa Mwisho wa Mtemi Ndahani

Hapo zamani, enzi ambazo mdomo ulimponza mtu upesi kuliko leo, palikuwa na Mtemi aliyeitwa Ndahani. Nchi yake ilikuwa kame, ya mawe na miiba, lakini bonde lake moja lilizaa zabibu nyeusi tititi, na mvinyo wake mwekundu ulisifiwa hadi nchi za mbali. Kaeni vizuri. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Watu wa bonde lile walizika mvinyo ardhini ukomae. Mtungi mkubwa waliuita mama. Kando yake walizika vitungi vidogo, wakaviita watoto, vyenye mvinyo wa zabibu zilezile, wa siku ileile. Mama hakuguswa. Kutoboa nta ya mdomoni mwake kabla ya siku ya kunywa kulikuwa mwiko, maana mvinyo mkongwe ukishaonja hewa hauna subira: leo mtamu, kesho siki. Basi walipotaka kujua kama mama ameiva, walifungua mtoto wakamwonja. Mtoto akiwa mtamu, mama hufunguliwa. Ndivyo walivyofanya babu zao, na nani angebishana na babu?

Mtunza mitungi aliitwa Chedego. Siku moja Mtemi alipata wageni, watemi wenzake. Chedego akaonja mtoto, akamkuta mtamu, akafungua mama. Wageni wakanywa. Kumbe mbichi! Mvinyo ukawakausha vinywa kama ndizi mbichi, wakautema chini mbele ya mwenyeji wao, na mmoja akacheka.

Mtemi Ndahani hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu, "Mtieni shimoni."

Lilikuwa shimo refu la mawe nyuma ya boma, na hakuna aliyewahi kutoka humo kwa miguu yake. Kisha Mtemi akawaita watu watatu wa nyumba ya Chedego: Masima, mdogo wake; Sechelela, mkewe; na Matika, mama yake mzazi, mfinyanzi wa mitungi ya boma.

"Umebaki mtungi mmoja," Mtemi akasema, "uliozikwa siku aliyofariki baba yangu. Ninyi mtaniambia siku ya kuufungua. Ukiwa mzuri, Chedego atatoka. Ukiwa mbichi, au ukiwa umegeuka siki, nitalifukia shimo na yeye akiwa ndani. Haya, onjeni mtoto. Nina kiu."

Mtungi ule ulikuwa na watoto wawili tu. Masima akafungua mmoja, akaonja, uso ukamkunjamana.

"Bado, Mtemi. Una ukakasi."

Mtemi akachukua mkuki, akaiweka ncha kooni pake. "Nimekwambia nina kiu. Sema tena."

Masima alijikojolea. Sisemi hivi kumcheka. Mimi ningezimia kabisa. Lakini alisema, "Bado."

Mtemi akaushusha mkuki. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Chedego akawa anateremshiwa uji kwa kamba. Siku ya kufungua mtoto wa pili ilipofika, Masima akaonja, akaruka juu kwa furaha.

"Shemeji! Umeiva! Kaka anatoka leo!"

Sechelela naye akaonja. Ulikuwa mtamu kweli, mtamu wa kutisha. Akakaa chini.

"Shemeji, hata yule mtoto aliyemponza kaka yako alikuwa mtamu."

"Sasa?"

"Uji wa kwenye kibakuli na uji wa kwenye chungu kikubwa, upi unapoa kwanza?"

"Wa kwenye kibakuli."

"Basi kitungi kidogo nacho hukomaa kwanza. Mtoto ameiva, mama yake bado. Tumedanganyika tangu enzi za babu."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, nimemuua mume wangu."

Akaenda mwenyewe kwa Mtemi, akasema, "Bado." Mtemi akatabasamu. Jamani, yule mtu akitabasamu ilikuwa afadhali anune. "Vema," akasema. "Lakini uji wake upunguzwe nusu, mpaka utakaponiambia tayari."

Sechelela akaenda ukingoni mwa shimo. Kutoka chini ikaja sauti, "Mke wangu, waambie wafungue! Nakufa huku!"

"Bado, baba. Vumilia."

"Sechelela, nimekukosea nini? Mbona unanichukia?"

Akajiziba mdomo kwa nguo yake asisikike akilia. Ikawa hivyo asubuhi na jioni: mume anaomba, mke anakataa. Na mtoto wa kuonja hakuwapo tena. Leo aliogopa kuwa ni mapema, kesho akaogopa kuwa wamechelewa. Akawa hali chakula. Majirani wakamkwepa, wakanong'ona kwamba mwanamke huyu anataka ujane.

Asubuhi moja aliita, Chedego asijibu. Aliita tena. Kikaja kikohozi kidogo tu.

Matika aliyasikia hayo. Hakumuuliza mtu. Aliingia chumba cha mitungi, akafukua udongo, akatoboa nta kwa sindano ya moto, akapenyeza unyasi mwembamba, akavuta mvinyo kidogo kwa mdomo na kuutema kwenye ganda jeupe la yai. Akalisogeza kwenye mwanga. Katikati mvinyo ulikuwa mwekundu bado. Ukingoni ule uzambarau wa ujana ulikuwa umeondoka, ikabaki rangi ya chungu kilichochomwa kikaiva. Ulimini ukakasi haukuwapo.

Masima akamkuta na unyasi mkononi, akapiga yowe. "Mama! Umevunja mwiko!"

"Nimeuvunja, mwanangu. Hewa imeshaingia, ukilala leo utaharibika. Mwiteni Mtemi."

Mtemi akaja. Kikombe kikajazwa. Akanywa funda moja, akafumba macho. Hata waliokuwa na mafua walizuia pumzi. Akanywa hadi tone la mwisho.

"Mtoeni," akasema.

Chedego akavutwa juu kwa kamba, mifupa na macho tu. Watatu wale wakamkumbatia wakilia kwa furaha. Laiti hadithi ingeishia hapo!

"Sasa," Mtemi akasema, "nani aliyeijua siku ya kuufungua?"

Masima akasema, "Mimi niliuokoa kwanza. Bila mimi, Mtemi, ungeunywa mchungu siku ile ya mkuki."

Sechelela akasema, "Mimi niliuokoa wa pili. Shemeji alikwisha sema umeiva. Nilimzuia yeye, nikamzuia na mume wangu mwenyewe."

Matika akasema, "Hao walijua kusema bado. Bado hata kasuku anaweza kuisema. Mimi ndiye niliyesema leo."

"Kwa kuvunja mwiko!" akadakia Masima.

"Kwa kuvunja mwiko."

Mtemi akacheka polepole. "Anayejua ni mmoja siku zote. Wengine wawili walibahatisha, na walibahatishia kinywa changu. Mmoja atapewa bonde lote. Wawili watashuka shimoni leo hii. Na mimi sitachagua." Akamgeukia Chedego. "Wewe ndiye mtunza mitungi. Chagua wewe. Ukinyamaza, watashuka wote watatu."

Chedego akamtazama mdogo wake, aliyesimama mbele ya mkuki, na ambaye angelisikilizwa mara ya pili angemwua. Akamtazama mkewe, aliyemwacha afe njaa ili asifukiwe, bila kuijua siku yenyewe. Akamtazama mama yake, aliyeijua siku, kwa mvinyo ambao wengine wawili walimtunzia. Kamba ya shimo ilikuwa bado kiunoni mwake. Walinzi wakasogea.

Mimi sina la kuongeza. Semeni ninyi, wenye midomo mingi: Chedego ataje jina gani? Je, nani alistahili?