Mtutu Uliosokotwa Mara Mbili

Haya, sogeeni. Aliyeshiba asisinzie, mwenye njaa avumilie kidogo, maana hadithi hii wengine huisimulia wakiikata miguu. Leo mnaipata nzima, na mkia wake.

Kando ya Mto Ruvuma kulikuwa na watu watatu. Mkwanda alikuwa mhunzi, tena mhunzi ambaye akiinua nyundo chuma kinaanza kuomba radhi kabla hakijapigwa. Liyunga alikuwa msokota kamba. Huyo umpe kamba yoyote gizani, aipapase, atakwambia nani kaisokota, na kama siku hiyo aligombana na mkewe. Na Asinawe, mke wa Kalanje, alikuwa na shabaha. Akirusha jiwe shambani, tumbili wa mbele anaanguka, wa nyuma anaacha wosia.

Basi akaja simba. Msimfananishe na hawa wa kwenye picha! Huyu akipiga mwayo kuku wanapanda kulala, wakidhani kumekuchwa. Alikula watu mpaka akaanza kuchagua, wenye kikohozi anawaruka. Watoto wawili wa Mkwanda aliwala msimu mmoja, na kilichorudi nyumbani ni ushanga tu. Kisha akamla jumbe Nampoto, mkuu wa kijiji, mchana kweupe, nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Mama wa jumbe, Bibi Abiti Chimwala, hakulia. Alikaa chini akasema, "Atakayemuua huyo, jina la mwanangu ni lake. Ataitwa Nampoto. Kila tukimwaga unga wa sadaka atatajwa, yeye na wafu wake."

Na jina la marehemu, kwa watu wale, halikatwi vipande kama muhogo. Likimkalia mtu mmoja, limekaa.

Mkwanda kusikia hivyo, akaanza kujiuliza. Mtu asiye na mtoto, nani atammwagia unga? Na wale wawili wasio na hata kaburi, nani atawataja? Akalitaka jina lile kuliko roho yake.

Nyumbani kwake kulikuwa na bastola ya askari mmoja wa zamani aliyefia pale kijijini, ile yenye kigurudumu cha kubebea risasi. Mtutu wake ulikuwa umeliwa na kutu. Mkwanda akafua mwingine, na ndani akachonga mifereji inayojisokota, ile inayoizungusha risasi kama pia ya watoto ili iende moja kwa moja bila kuyumba. Msokoto wa mifereji akauiga uleule wa mtutu wa zamani. Lakini akamfikiria simba alivyo mkubwa, akaona risasi zile ni punje za mtama. Akamimina nyingine, nzito, ndefu kama kidole cha mtu mzima.

Wakaijaribu kwenye ubao. Tundu likatoka refu, kama mbegu ya boga. Risasi ilikuwa imeingia kwa ubavu.

"Mmeona tundu hilo!" Mkwanda akasema. "Simba hapo hatoki!"

Liyunga alikuwa pembeni na mzigo wake wa katani. "Mkwanda, hebu subiri. Hiyo risasi..."

"We nyamaza! Kasokote kamba za mbuzi. Chuma kina wenyewe."

Watu wakacheka. Liyunga akabeba katani yake akaenda zake.

Bastola akapewa Kalanje, mume wa Asinawe. Simba akatokea kwenye mtama, Kalanje akafyatua, risasi ikayumba kama mlevi, ikaua mtama. Simba akamdaka. Asinawe akarukia mguu wa mumewe, akawa anavuta huku, simba anavuta kule. Mwisho simba aliondoka na Kalanje, na mkono wa kushoto wa Asinawe.

Matanga yakaisha. Liyunga akaingia kwa mhunzi, hakupiga hodi. Akaweka chini pia mbili za watoto, moja fupi, moja ndefu.

"Zungusha."

Mkwanda akazungusha. Fupi ikasimama. Ndefu ikayumba, ikalala.

"Ndefu inataka mzunguko wa kasi," Liyunga akasema. "Wewe risasi umeirefusha, mifereji umeiacha mivivu."

"Ulijua? Siku ile ya ubao ulijua?"

"Nilijua. Uliniambia ninyamaze, bwana mwenye chuma."

Mkwanda akainua nyundo juu ya kichwa cha Liyunga. Ikakaa hewani. Liyunga hakukwepa, alikuwa anazungushia uzi kwenye kijiti.

"Hivi," akasema. "Ukilegeza, italala tena. Ukibana sana, risasi itachubuka na kuiruka mifereji. Fuata uzi huu ulivyokaa. Au nipige, kisha ufuate."

Mkwanda akashusha nyundo, akawasha moto. Mtutu wa pili ukachongwa kwa kuufuata ule uzi, na tundu lake kwenye ubao likawa duara kama mwezi mpevu.

"Haya, nani anakwenda?" wakaulizana. Wanaume wote wakakumbuka kuwa wana vikohozi.

"Gobore linataka mikono miwili," Asinawe akasema. "Hiyo inataka mmoja. Ninao."

Akaenda kukaa mwisho wa shamba, akafungua kidonda chake ili harufu ya damu imwite simba mwenyewe. Simba akatokea kule kwenye kichuguu. Akianza kukimbia yule, mshale unampisha njia, kwa hiyo ilibidi apigwe akiwa mbali, palepale aliposimama. Asinawe akanyoosha mkono mmoja, akafyatua. Risasi ikaingia jichoni kama mgeni aliyeonyeshwa mlango. Simba alivyoanguka, ng'ambo ya mto vyungu vilipasuka.

Walipompasua tumbo, Asinawe akaiokota hirizi ya Kalanje, akaiosha, akaivaa.

Sasa wamesimama mbele ya Bibi Abiti Chimwala. Bibi ameshika unga kiganjani, ule wa kumtajia mwenye jina, na haumwagwi mara mbili.

"Mtutu ni wangu, wa kwanza na wa pili," Mkwanda anasema. "Bibi, nina watoto wawili wasiotajwa."

"Wa kwanza ulimuua mume wangu," Asinawe anamjibu. "Ulichukue jina la jumbe, na deni la Kalanje nalo utalibeba? Mimi ndiye niliyemwita simba kwa damu yangu."

"Na bila uzi wangu," Liyunga anasema, "damu yako ingekuwa kitoweo tu."

"Uzi wako!" Asinawe anamgeukia. "Ungeutoa siku ile ya ubao, nisingekuwa mjane."

Mkwanda analia, mtu mzima, mbele ya watu.

Bibi anawatazama mmoja baada ya mwingine. Mkono wake umezeeka, na unga unapenya katikati ya vidole, unamwagika kidogokidogo. Ukiisha kabla hajataja mtu, jina la Nampoto limekufa, na wote waliolibeba kabla wamekufa mara ya pili.

Haya, nyie mnaonitazama. Unga ndio huo unapungua. Mkono ungekuwa wako, ungemtaja nani?